Uwanja wa Bi Amne

Mtu mwenye akili zake akihama mji huuliza kwanza maji. Halafu choo. Halafu majirani, kama ni watu wa kulala au watu wa kufungulia redio mpaka mabati yanatetemeka. Mdoe wa Handeni, aliposhuka stendi ya Korogwe kutafuta nyumba ya kumhamishia mkewe na watoto, hakuuliza hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa na mpira mfukoni, mgumu, mweupe, uliojaa makwaruzo, na alichotaka kujua ni kwamba mpira huo ukiwekwa chini utaelekea wapi.

Tuseme ukweli mapema tusije tukalaumiana. Uhamisho haukuwa wake. Aliyehamishwa alikuwa mkewe, Grasiana, nesi, aliyetakiwa kuripoti hospitali huko Korogwe mwanzoni mwa mwezi. Kwa haki ya Mungu, mwenye kazi ndiye angechagua mtaa. Lakini Grasiana alikuwa na zamu mpaka siku za mwisho, hakuweza kutoka, ikabidi amtume mume. Akampa agizo moja tu: nyumba iwe karibu na hospitali. Alilirudia wakati anamfungia chapati za njiani, akalirudia tena mume alipokwisha kupanda pikipiki, akaona ameeleweka.

Alikuwa amechoka yule mama, na si uchovu wa kulala usiku mmoja ukaisha. Handeni waliishi mwisho kabisa wa mji, kwa sababu mwisho wa mji ndiko kulikokuwa na uwanja tambarare. Kabla ya hapo waliishi nyuma ya shule, kwa sababu hiyo hiyo. Grasiana akitoka zamu ya usiku alikuwa akitembea na jua usoni hadi nyumbani, na akifika anamkuta mumewe mlangoni na vipande vya godoro mkononi. Anafungwa vile vipande miguuni kwa kamba za mpira wa tairi, anawekwa golini. Watoto wanampiga mipira mpaka chai inachemka.

Maana familia yenyewe ndiyo hiyo. Walikuwa wanacheza mpira wa magongo. Mdoe alijifunza jeshini alipokwenda kulitumikia taifa, wenzake wakarudi na ujuzi wa ufundi bomba na udereva, yeye akarudi na magongo mawili. Akaoa, akamfundisha mke. Wakazaa, akafundisha watoto. Binti mkubwa, Edna, alikuwa kidato cha tatu na alipiga mpira ukalia. Mdogo wake, Bonaventura, alikuwa mzito wa kukimbia lakini hakujua maana ya woga. Mdoe mwenyewe alitengeneza simu na redio kwenye kibanda, kazi ya kupata unga tu. Watu wa Handeni walimwita Kocha, na jina lile lilimkaa vizuri. Aliitika kwalo hata msikitini, alikokuwa amefuata deni la mteja.

Basi Kocha akaanza na mtaa wa Masuguru.

Nyumba ya Masuguru ilikuwa ya Mzee Abdulaziz, mstaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Ilikuwa nzima. Bomba uani, jiko la nje lenye paa, vyumba vinavyofunga, na kutoka pale hadi hospitali ni kutembea tu, hata mwenye viatu vinavyobana angefika bila kulalamika. Mzee alimwonyesha yote hayo kwa fahari. Mdoe akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yako chini. Mwisho akachomoa mpira, akauweka katikati ya ua, akauachia.

Mpira ukasita kidogo, ukapita getini, ukashika njia, ukateremka mtaani ukizidi mwendo, ukaenda kuingia kwenye mtaro mbele ya mama anayekaanga maandazi. Mama yule akauliza ni nani anatupa mawe. Mdoe alirudi na mpira umelowa maji ya mtaro, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya daktari.

"Mzee, samahani kukwambia. Ua wako mbovu."

Mzee Abdulaziz akamtazama sana. Alisema ameishi katika ua huo tangu watoto wake wanatambaa, wamekua, wameoa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuviringika hadi mtaroni. Mdoe akaaga. Nyumba nzuri kuliko zote alizoziona mjini ikabaki nyuma yake na bomba lake, na wala hakugeuka kuitazama.

Akaenda Old Korogwe. Kule, karibu na mto, aliona kipande kirefu kisicho na nyumba, moyo ukamruka. Hakujiuliza kwa nini watu wote waliojenga pale wamekiacha kipande hicho peke yake. Akaanza kukipima kwa hatua ndefu, anahesabu kwa sauti, kila kona anachomeka kijiti. Alipofika kona ya tatu aligundua kwamba anatazamwa na nusu ya mtaa.

Jamani, Korogwe mtu hapimi ardhi ya watu hivi hivi. Mama mmoja muuza mchicha, Faudhia jina lake, aling'oa vijiti vyote akavishika mkononi kama ushahidi, akamuuliza ametumwa na nani kuja kuwahamisha. Mdoe akasema hajatumwa, anataka kucheza. Jibu lile likaharibu kabisa. Akapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, akakalishwa kwenye kigoda kifupi, mtu mzima, magoti yamefika kidevuni, akatakiwa aeleze anataka kucheza nini na ardhi ya watu. Alieleza mpira wa magongo. Hawakuelewa. Akaazima fagio, akaonyesha mtu anavyoinama, anavyokokota mpira, anavyogeuka. Wale waliokuja na hasira wakaanza kucheka, na kucheka kwao kulimuuma zaidi ya ile hasira. Mwenyekiti alimwambia aende kwa amani, ila asirudi na vijiti. Halafu, kwa huruma tu, akamweleza kwamba kipande kile mto ukijaa huwa ni sehemu ya mto.

Mwenye akili angerudi Masuguru kuomba radhi. Mdoe alipanda pikipiki kwenda Mnyuzi.

*

Mnyuzi si Korogwe mjini. Ni mashambani, kwenye reli, na kutoka hospitali ni safari ya kutimka vumbi mpaka kwenye nyusi. Hilo Mdoe alilijua, maana aliligharamia. Lakini dereva wa pikipiki alikuwa amemwambia kuna bibi ana nyumba tupu yenye uwanja mbele, na neno uwanja likamziba masikio.

Alipofika aliteremka, mkono tayari umeshika mpira mfukoni. Mbele ya nyumba kulikuwa na uwanja mpana, mgumu, uliokandikwa udongo na kinyesi cha ng'ombe ukakauka ukawa laini kama sakafu ya kanisa. Umefagiliwa. Hakuna jani, hakuna kokoto, hakuna kuku. Hakuna hata mtu. Aliuweka mpira chini, ukatulia pale pale alipouweka. Akausukuma kwa kidole cha mguu, ukaenda moja kwa moja ukasimama. Mdoe akalala kifudifudi, shavu chini, jicho moja limefumbwa, aangalie kama kuna mwinuko mahali. Hakukuwa na mwinuko. Machozi yalimlenga, na sioni aibu kulisema, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuona aibu.

Wakati amelala vile, wazee wawili walipita, wakamwinua taratibu, wakampigapiga mgongoni, wakamwambia pole, jikaze. Mdoe aliwashukuru. Akajisemea watu wa huku wana utu, wanajali hata mgeni aliyechoka na safari.

Mwenye nyumba, Bi Amne, alikuja baadaye kidogo akiwa amejitanda kanga, uso umemvimba. Hakuwa na maneno mengi. Alimwonya jambo moja, kwamba pale mbele huja watu wengi na watoto wao, kama mkewe ni mtu wa kutaka ukimya afikirie mara mbili. Mdoe akafurahi zaidi. Watazamaji ndio walichokosa Handeni. Akasema mke wake anapenda watu kupita kiasi, akalipa kodi papo hapo, akapewa ufunguo.

Jioni alimpigia simu Grasiana akamwambia amepata nyumba. Grasiana akauliza kama ni karibu na hospitali. Mdoe akakohoa kwanza, kikohozi ambacho mtu mwingine angekitilia shaka, lakini Grasiana alikuwa wodini na mgonjwa anamwita.

"Si mbali," Mdoe akasema.

*

Walihama Jumapili, kwa lori la Rehani, dereva aliyependa kufika mapema na kuondoka mapema zaidi. Grasiana alikaa mbele. Watoto na Mdoe walikuwa nyuma na vitanda, masufuria, na magongo yaliyofungwa pamoja yameelekezwa juu. Kila walipopita watu walisimama kuyaangalia yale magongo, wakisema labda ni jamaa wanakwenda kugombea shamba.

Waliingia Korogwe. Grasiana aliiona hospitali, akatabasamu, akaanza kukusanya pochi yake. Lori likapita. Alidhani linatafuta pa kugeuzia. Likauacha mji, likashika njia ya vumbi, mji ukaisha, mashamba yakaanza. Alimuuliza Rehani kama anajua anakokwenda. Rehani akasema yeye anakwenda alikoelekezwa na mumewe huko nyuma. Grasiana akaiweka pochi mapajani, akaacha kuuliza. Alikuwa anatakiwa kazini kesho yake asubuhi. Kila shamba lililopita alikuwa analipiga hesabu kichwani kwa namna ya kulirudia, peke yake, alfajiri, nyuma ya pikipiki ya mtu asiyemjua.

Walipofika, uwanja haukuwepo.

Yaani ulikuwepo, lakini haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa mahindi kutoka ukuta wa nyumba hadi barabarani, mengine yameanikwa, mengine yako kwenye rundo, na wanawake wamekaa wameyazunguka, wanaume wanayapura kwa fimbo, makapi yanaruka, watoto wanalia, kuku wanafukuzwa. Mdoe alishuka akasimama mdomo wazi. Wanawake walipoona lori limebeba magongo wakapiga vigelegele. Mmoja akasema heri hawa wamekuja na fimbo zao, wengine hapa huja mikono mitupu wakaazima. Kabla Mdoe hajafumba mdomo, kijana mmoja alikuwa ameshapanda akayashusha magongo, akayagawa. Gongo la Edna, la mpera, lililokaa kwa seremala hadi likapinda vile lilivyotakiwa kupinda, lilikuwa mkononi mwa babu mmoja akipuria mahindi kwa nguvu zote, akilisifu kwa uzito.

Mdoe alikimbia kwa Bi Amne. Alimuuliza watu hawa wanaondoka lini. Bi Amne alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta. Akamweleza kwa upole kwamba hapa ndipo kijiji kizima kinapopuria tangu enzi za marehemu mumewe. Yakitoka mahindi yanaingia maharage. Yakitoka maharage zinaingia mbaazi. Kukiwa hakuna cha kupura, wanaanika muhogo.

"Lakini nilipokuja palikuwa patupu," Mdoe akasema. "Pamefagiliwa."

Ungo wa Bi Amne ukasimama.

"Ulikuja tukiwa na msiba, baba. Tulikuwa tunamzika mdogo wangu siku hiyo. Kukiwa na msiba hakuna anayepura hapa, uwanja unafagiliwa, unaachwa. Nilipoambiwa kuna mgeni nilitoka makaburini kuja kukufungulia. Wewe hukunipa hata pole."

Wanaume wakawa wameacha kupura. Mzee mmoja akasogea, akamtazama Mdoe vizuri, akamtambua. Akawaambia wenzake huyu ndiye yule aliyekuwa amelala kifudifudi uwanjani, na sisi tukasema ni mpwa wa marehemu wa kule Handeni, tukamwinua, tukamliwaza. Akamuuliza kwa heshima kabisa alikuwa anafanya nini pale chini. Mdoe akaanza kuokota makapi kwenye shati lake.

"Alikuwa anaangalia kama pamenyooka," Bonaventura akasema, kwa sababu hakujua maana ya woga.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi ninayesimulia, ambaye nimemcheka Mdoe tangu aliposhuka stendi, hapo nilinyamaza.

Grasiana aliteremka kwenye lori. Alivua viatu ukingoni mwa mahindi, akapita pembeni bila kukanyaga punje, akapiga goti mbele ya Bi Amne akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba. Tumechelewa kukupa pole, tusamehe." Bi Amne akaitikia marahaba, machozi yakamtoka, Grasiana akakaa naye chini. Akamuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini, akasikiliza habari yote ya ugonjwa kama wanavyosikiliza manesi, bila kumkatiza. Wengine wakarudi kazini polepole. Edna akachukua fimbo ya mtu akaanza kupura na wenzake, kwa kuwa kusimama pale kulikuwa aibu zaidi.

Rehani akapiga honi. Alitaka kushusha mizigo aondoke.

*

Mdoe alimvuta mkewe pembeni, nyuma ya lori. Alikuwa na mpango tayari, mtu wa namna hiyo hakosi mpango. Alisema mahindi si ya milele. Alisema wataomba kona moja. Alisema asubuhi kabla watu hawajaamka uwanja unaweza kufagiliwa upande, Edna akapiga mipira kadhaa, na yeye Grasiana akitoka zamu...

"Mdoe," Grasiana akasema. "Mimi sijawahi kuupenda huu mchezo."

Mdoe akadhani ni hasira. Akamwambia apumzike kwanza.

"Sina hasira, nimechoka tu. Sikuupenda siku ya kwanza, sijaupenda mpaka leo. Unaponifunga yale magodoro huwa naomba mvua inyeshe."

"Sasa mbona ulikuwa unasimama golini miaka yote hii?"

"Hukuwa na kipa," Grasiana akasema. "Na mimi nilikuwa nakutaka wewe."

Alilisema hivyo tu, bila kupandisha sauti, makapi ya mahindi yamemganda kwenye nywele. Mdoe aliinamisha kichwa. Aliangalia miguu ya mkewe. Mguu wa kulia ulikuwa na uvimbe chini ya goti, alikuwa ameuona kila siku, na kila siku alikuwa ameuhesabu kwamba ni alama ya kipa hodari.

Grasiana akaenda mbele ya lori, akamwambia Rehani asishushe kitu, wanarudi mjini. Rehani akalalamika kuhusu mafuta. Grasiana akamwambia alalamike wakiwa njiani. Bi Amne alimrudishia Mdoe kodi yake bila kuombwa, akamfungia na mahindi ya makande, na hilo la mahindi ndilo lililomuumiza Mdoe kuliko matusi. Watoto wakaomba magongo kutoka kwa wapuraji. Babu aliyekuwa na gongo la Edna hakutaka kuliachia. Edna akamtazama, akamtazama baba yake, akasema abaki nalo.

Masuguru walifika jua linapungua. Mzee Abdulaziz alikuwa amekaa nje. Alimwona Mdoe anashuka, akamtambua mara moja, akavuta kanzu yake vizuri akakaa wima. Alisema nyumba ipo, hajapata mpangaji. Ila angependa kwanza kujua kama ua wake umepona.

Watoto walikuwa wanatazama, mkewe anatazama, Rehani naye amezima injini makusudi asikose neno. Mdoe alimwamkia mzee shikamoo. Akasema ua hauna ubaya wowote, mzee, ubaya ulikuwa wangu. Mzee akapita mbele yake, akatoa ufunguo akampa Grasiana.

*

Msidhani Mdoe alibadilika akawa malaika. Wiki ile ya kwanza alinuna mpaka watoto wakawa wanakula nje. Hakuna aliyemjua Masuguru. Alipata kibanda cha simu karibu na soko, wateja wakamwita fundi, akawa anaitika baada ya kuitwa mara ya pili. Edna alikuta shuleni kwake wasichana wanacheza mpira wa wavu, akajiunga bila kuomba ruhusa, na Mdoe akalijua hilo kwa kuona nguo zake kwenye kamba.

Ikaja zamu ya usiku ya kwanza ya Grasiana. Alirudi asubuhi kwa miguu, viatu havijapata hata vumbi. Mlangoni alisita, mazoea ni mabaya, akamtazama mumewe mikononi. Hakuwa na kitu. Akapita ndani, akajilaza bila kubadili sare, na kabla Mdoe hajauliza kama anywe chai alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Mdoe aliingia chumbani taratibu. Ilimjia kwamba hajawahi kumwona akilala mchana, na aliona vibaya sana moyoni. Akauinua ule mkono akaurudisha kitandani. Hakwenda kibandani siku hiyo.

Adhuhuri watoto wa mtaa walikuja na mpira wa makaratasi, wakaanza kuupiga kwenye ukuta wa chumba. Walikuwa wanapiga vizuri. Mmoja alikuwa na mguu wa kushoto ambao kocha yeyote angeuombea dua. Mdoe alitoka nje, akawatazama, vidole vikimwasha, akafika hadi katikati ya kuinua mkono kuwarekebisha. Halafu akawaambia waende kucheza mbali, kuna mtu amelala ndani.

Watoto wakamkagua. Walimjua mzee Abdulaziz, walimjua kila mtu wa mtaa ule, huyu hawakumjua. Yule mwenye mguu wa kushoto akaukumbatia mpira wake akamuuliza kwani yeye ni nani.

"Mimi mume wa nesi," Mdoe akasema. "Na ongeeni taratibu."